Fundi wa Kuanza

Apiyo alinipigia simu Jumanne asubuhi, nimeketi kwenye cherehani yangu hapa Nyamira na pini tatu mdomoni. Aliniambia mama yake amefariki, wanazika wiki ijayo kwao kando ya ziwa, na familia imeniweka kwenye orodha ya watakaosema neno. Nikatoa pini mdomoni nikamwuliza neno gani. Akasema, "Lolote tu, Anti. Wewe ndiye mwanafunzi wake aliyefika mbali." Nilikwenda. Niliketi chini ya hema nikasikiliza watu saa nne nzima wakisema Mama Apiyo alikuwa mpole, alikuwa na mikono ya kutoa, alikuwa mama wa kila mtu, nikawa natazama picha yake kwenye karatasi ya ratiba nikijiuliza kama tumekosea matanga. Zamu yangu ilipofika nilishika kipaza sauti nikasema jina langu ni Kerubo, nilifanya kazi kwake mwaka mmoja, naye alinifundisha kumaliza. Kisha nikaketi. Walinipigia makofi ya pole wakidhani machozi yamenizuia. Hakuna machozi yaliyonizuia. Mama yule sikumpenda siku niliyomjua, sikumpenda siku niliyomwacha, na pale mbele ya jeneza nilijaribu kwa dakika chache nikashindwa. Nasema hivi mapema ili mtu asije akasoma akingoja mahali nitakapolia.

Mwaka ule niliofanya kwake nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Duka lake lilikuwa kwenye safu ya vibanda vya mabati nyuma ya soko la Daraja Mbili mjini Kisii, upande ambao asubuhi unanuka ndizi mbivu na mchana unanuka mitumba iliyotoka kufunguliwa. Ndani palikuwa na cherehani mbili, yake na yangu, meza ndefu ya kukatia, pasi ya makaa, sanduku kubwa la bati, na kioo kilichopasuka pembeni. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake palikuwa na saluni ya Kwamboka. Neno lililosemwa kwa Kwamboka tulilisikia kana kwamba limesemwa kwetu, na nadhani nasi walitusikia. Nilifika hapo Januari nikiwa fundi kamili, si mtu wa kufundishwa kushika sindano. Nilikuwa nimejifunzia kazi mji wa Keroka, nina mkasi wangu mwenyewe mzito wa chuma, na nilikuwa na jambo moja ambalo mafundi wengine walinionea wivu: nilijua kukata. Sikuhitaji karatasi ya kupimia. Ningemtazama mwanamke mara moja anavyosimama, nikampima haraka, nikachora chaki mistari minne mitano, na mkasi ukaenda. Wanawake walikuwa wanasimama mlangoni kunitazama tu. Mimi nami nilikuwa napenda kutazamwa, siwezi kuficha.

Kule Keroka nilifundishwa pia jambo ambalo mafundi wengi wa kwetu wanalifanya mpaka leo. Mteja akileta kitambaa, unakikata palepale mbele ya macho yake kabla hajafika mlangoni. Kitambaa kizima anaweza kukibeba akakipeleka kwa fundi mwingine kesho asubuhi. Kikishakatwa ameshikika, atalalamika, atakutukana, atakuja na shangazi zake, lakini atarudi kwako kwa sababu hakuna fundi anayetaka kushona mkato wa mwenzake. Tulikuwa tunasema umemfunga. Mama Apiyo hakuruhusu. Kwake kitambaa kilikaa kwenye rafu kikiwa kizima, jina la mwenyewe limebandikwa kwa pini, mpaka nguo iliyotangulia iwe imetundikwa kwenye henga na vifungo vyake vyote. Mteja aliyetaka kuondoka na kitambaa chake aliruhusiwa aende salama. Mimi nilimwona mjinga. Nilimwona mwanamke mzito, mwenye macho mabovu, anayeogopa mkasi. Kisha mwisho wa Januari mumewe akaugua, akalazimika kwenda kwao kumwuguza, akanipa funguo. Hakuniomba wala kunisihi. Alisema tu, "Moja kwa moja, Kerubo. Usinijazie duka." Alikaa huko mpaka Aprili.

Wiki mbili hazikwisha kabla sijaanza kukata kama nilivyozoea. Na katika siku hizo ndipo Moraa alipoingia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na angeolewa Marani Jumamosi ya katikati ya Aprili katika kanisa la Katoliki. Alileta satini nyeupe na lesi ambayo dada yake alimletea kutoka Mombasa, imekunjwa ndani ya gazeti kama kitu cha kuvunjika. Alitaka gauni refu, mikono ya lesi, vifungo vidogo kumi na vinane mgongoni. Nilimpima, nikaitandika satini, nikaikata hapohapo amesimama. Alitazama mpaka mwisho, kisha akasema sijawahi kuona mkono kama wako. Nilifunga vile vipande kwa utepe wa kitambaa, nikaandika Mwalimu Moraa, nikasukuma furushi chini ya meza. Wakati huo zilikuwa zimebaki wiki tisa kufika harusini, na nilimwambia arudi baada ya wiki mbili kujaribisha.

Mtu angeniambia siku hizo kuwa mimi ni mvivu ningemrukia shingoni. Nilikuwa nafungua duka saa moja kamili. Sikukaa bure hata kidogo. Asubuhi ningetoa nguo moja nikaunga mabega na ubavu, na nikifika kwenye kola nakumbuka uzi wa rangi hiyo unakaribia kuisha, natoka kwenda kuutafuta sokoni. Njiani nakutana na mteja, namwambia njoo nikupime. Nikirudi naye, namkatia. Nikishamkatia, ile nguo ya asubuhi imeshapoa mkononi, naona afadhali nianze hii mpya nikiwa bado naikumbuka. Saa nane naiacha nayo kwenye zipu. Jioni mgongo unauma, sakafu imejaa mabaki ya vitambaa, na nikienda nyumbani naamini kabisa nimefanya kazi. Hata leo nina wasichana watatu hapa dukani kwangu, na nikimwuliza mmoja kuhusu nguo ya mtu ananijibu kwa furaha, "Nimeshaianza, Mama." Neno hilo linanichafua roho. Nawakemea hadi wateja wanashtuka. Wasichana wananiona mchawi, na najua wananisema nikitoka, kwa sababu ndivyo nilivyomsema yule mama.

Moraa alirudi baada ya wiki mbili, nikamwambia Alhamisi. Alhamisi nikamwambia wiki ijayo. Alikuwa anatoka Marani shule ikifungwa, anafika vumbi limempanda mpaka magotini, anaketi kwenye benchi, na mimi namwonyesha furushi ili aone halijapotea. Siku moja nilimshonea mishono ya ubavu akiwa amekaa hapo, akafurahi, akaenda. Alikuja mara kumi na moja. Mara ya nane alisema, taratibu, "Fundi, kama huwezi niambie tu ukweli. Sitakasirika." Nilijihisi nimetukanwa. Nikamwambia gauni la harusi si sare ya shule, haliharakishwi. Akachukua mkoba wake akaenda, na mimi nikajiona nimemweza.

Ijumaa, harusi ikiwa kesho yake, alifika saa sita na hakuondoka. Gauni lilikuwa na mwili bila mikono, bila bitana, bila zipu, na vifungo kumi na vinane vilikuwa bado kwenye karatasi yake. Nilishona siku hiyo kama mtu anayefukuzwa. Mkono mmoja wa lesi niliutia ukakaa kinyume, nikaufumua, lesi ikachanika kidogo kwapani. Moraa alikuwa anaona kila kitu. Nami nilikuwa naona mlangoni jinsi kivuli cha paa kinavyorefuka, na niseme lile ambalo sikuwahi kulisema kanisani: nilikuwa nakiombea kirefuke. Mimi ni Msabato, na Ijumaa jua likizama kazi inasimama. Saa kumi na mbili na nusu nilinyanyua mguu kwenye cherehani, nikafunika mashine kwa kitambaa chake, nikamwambia, "Mwalimu, Sabato imeingia. Siwezi tena kugusa sindano." Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeokoka. Moraa aliuliza kama anaweza kubeba vilivyopo, labda mama yake atashikiza kwa pini. Nikamwambia vitaharibika, aviache. Akasimama, akapangusa sketi yake mahali alipokuwa ameketi, akatoka bila kusema kwaheri. Nilifunga duka nikaenda kanisani kufungua Sabato, nikaimba.

Habari ya harusi niliipata Jumatatu kupitia ukuta wa mbao. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasukwa kwa Kwamboka alikuwa ametoka Marani. Alisema bibi harusi alivaa gauni la kuazima la binamu yake, mwanamke mnene, likakunjwa nyuma kwa pini, na pini zikawa zinafyatuka kila akipiga magoti, hadi mama mkwe akatoa shuka akamfunika mabegani kama mgonjwa. Kwamboka akauliza nani alikuwa fundi. Nadhani walionyeshana ukuta. Kisha yule mwanamke akasema kwa Ekegusii, bila hata kushusha sauti sana, kwamba huyo msichana ana mkono mzuri lakini hana mwisho. Wakacheka, lakini si kicheko kirefu. Nilikuwa nimeshika mkasi, nakata sketi ya mtu. Sikuacha kukata.

Mama Apiyo alirudi Jumatano yake, ametoka kumzika mumewe. Kabla hajafika dukani alikuwa ameshapata habari yote sokoni. Hakunisalimu. Alivua koti la kilio, akalitundika, akapiga magoti akaanza kuvuta mafurushi kutoka chini ya meza, moja baada ya jingine, akiyapanga sakafuni. Yalikuwa thelathini na moja. Nguo iliyokamilika ilikuwa moja tu kwenye henga, nayo ni yangu. Nilianza kueleza habari ya Moraa, kwamba ni Sabato tu iliyoniangusha, na yeye Msabato mwenzangu angeelewa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Sabato haikukushtukia. Inaingia kila Ijumaa. Umemfanya Mungu mlango wa kutorokea." Halafu akauchukua mkasi wangu mezani, akautia kwenye mkoba wake akafunga zipu. Akasema nitaupata siku mafurushi yote thelathini na moja yatakapokuwa yamemalizwa na kupelekwa kwa wenyewe. Nilimwambia mimi si mtoto, mimi ni fundi. Alijibu akiwa ameshanipa mgongo, "Wewe ni fundi wa kuanza."

Ningeondoka siku hiyo. Nilikusanya hata kanga yangu. Lakini fundi bila mkasi wake anaenda wapi, na mji wote ulikuwa umesikia habari ya pini za Marani. Hakuna duka lililonitaka kutoka Daraja Mbili mpaka stendi. Basi nilibaki kwa hasira, na hasira hiyo ilinipa kitu cha kuamkia. Aliyaweka mafurushi yote ndani ya sanduku la bati, akafunga kufuli, akawa ananitolea moja tu. Ukimaliza, unapata jingine. Huwezi kuuliza lipi linafuata. Wateja wapya walikuwa wakija yeye ndiye anayekata, kwa mikono yake mizito, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na mimi natazama mkato wake mbaya huku vidole vyangu vinawasha. Wakati mwingine wanawake walimwambia wanataka nikate mimi. Alikuwa anawajibu mbele yangu, "Huyu bado anajifunza." Miaka ishirini na saba imepita na bado nikikumbuka maneno hayo nataka kumtafuta nimjibu.

Chakula cha mchana ilikuwa saa saba kamili, nyuma ya pazia, kwenye jiko la makaa. Yeye alipika ugali wa mahindi na dagaa wa omena au kunde. Mimi nililetewa kutoka kwetu mboga ya chinsaga na ugali wa wimbi, na tulikula kila mtu na sahani yake, magoti yakikaribia kugusana, bila mazungumzo. Alitafuna taratibu, na mlio wa meno yake ulinikera kuliko kelele zote za soko. Ni hapo kwenye jiko alipoanzisha ule ushenzi wa maharagwe. Aliniwekea bakuli mbili pembeni ya cherehani, moja ina maharagwe mabichi na nyingine tupu. Kila nitakaponyanyuka kwenye kiti kabla ya kumaliza ninachokishona, nihamishe harage moja. Haijalishi naenda wapi. Maji, uzi, kumsalimia mtu, kutia cherehani mafuta. Nilicheka. Nikadhani yatahama matatu manne. Siku ya kwanza nilifika jioni yamehama arobaini na mawili, na nguo niliyokuwa naishona ilikuwa blauzi ya kawaida tu. Siku tatu baadaye alichukua bakuli lile akayachemsha yote, akayakaanga na kitunguu, akaniwekea sahani mapajani. "Kula," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii." Nikala. Yalikuwa matamu, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Lakini yale maharagwe yalinionyesha kitu, na hapa ndipo ninapolazimika kumpa haki yake huku sitaki. Nilianza kujua nitasimama kabla sijasimama. Mguu unaacha kukanyaga, koo linakauka ghafla, nakumbuka jambo la lazima huko nje. Na nilianza kuona kwamba kiu ile haikuja popote tu. Haikuja kwenye mishono mirefu ya ubavu. Ilikuja kwenye kola, kwenye zipu, kwenye tundu za vifungo, pale mkono unapoingia begani. Yaani kila mahali ambapo nguo ingeonyesha kama mimi najua kweli au nabahatisha. Kitambaa kilichokatwa hakina kosa. Hakuna aliyekivaa akasema kinambana. Mafurushi thelathini na moja chini ya meza yalikuwa nguo thelathini na moja nzuri kupita zote Kisii, kwa sababu hazikuwepo. Nilikuwa mwoga. Mtu aliyekuwa anasifiwa kwa mkasi kuliko wote Daraja Mbili alikuwa anaogopa kutia zipu, na kwa uoga huo aliwakamatia watu vitambaa vyao. Nililijua hilo mwezi wa Juni, mchana, nikiwa na harage mkononi, na sikumwambia yule mama, kwa sababu angefurahi.

Kujua hakukutosha. Watu wanaotoa semina siku hizi husema ukishalijua tatizo umelishinda nusu. Uongo mtupu. Mwezi wa Julai, nikilijua tatizo langu vizuri kabisa, nilipokea kitambaa kwa siri kutoka kwa mteja aliyekuja Mama Apiyo akiwa posta, nikaazima makasi ya nywele kwa Kwamboka, nikakikata nyuma ya pazia kwa raha kubwa. Makasi ya nywele yaliutafuna ukingo wote. Mama Apiyo alikiona kitambaa jioni hiyo. Alikitundika ukutani juu ya kioo, na kila aliyeuliza ni cha nini alimwambia aniulize mimi. Kilikaa pale miezi mitano. Nilimchukia kwa kitambaa kile kuliko kwa mkasi. Pale kwenye hema juzi, mchungaji aliposema marehemu hakuwahi kumwaibisha mtu, nilitazama chini nikahesabu nyasi.

Kilichonibadilisha, kama kuna kitu kilichonibadilisha, kilikuwa kuchoka. Nilichoka kusimama. Agosti ilipita, wenye mafurushi wakaanza kuja kuchukua nguo zao, wengine wakitukana, wengine wakishangaa. Mama mmoja wa Nyacheki aliikuta blauzi yake imekamilika akaketi akacheka hadi akashika tumbo, maana alikuwa ameshaisamehe. Nilijifunza kwamba zipu ikikuogopesha unaitia ukiwa unaogopa hivyohivyo, na ikikaa vibaya unafumua, na dunia haiporomoki. Jumatano moja ya Oktoba saa saba ilifika nikaona bakuli la pili liko tupu. Nikangoja alione. Aliliona. Alimimina maharagwe yote kwenye mfuko, akaurudisha mfuko jikoni, akaniambia niongeze maji kwenye sufuria ya ugali. Hilo tu. Wiki nzima nilingoja neno moja la heri na halikuja.

Desemba sanduku la bati lilibaki na furushi moja. Nilijua ni lipi; alikuwa ameliacha makusudi la mwisho. Nilimwambia hili halina maana, mwenyewe ameshaolewa, huyo hatalitaka hata kuliona. Alisema, "Sijakuuliza nani analitaka. Umelikata, limalize." Nilifungua ule utepe. Satini ilikuwa na mkunjo wa miezi kumi, na lesi ilikuwa na ile tundu ndogo kwapani. Nilianza Jumatatu asubuhi. Nilitia mikono, nikaificha ile tundu kwa ua la lesi, nikatia bitana, nikatia zipu, nikapinda upindo wote kwa mkono, nikashona vifungo kumi na vinane kimoja kimoja. Sikuondoka kitini ila kwa chakula na kwenda nyumbani kulala. Nilikata uzi wa mwisho Jumatano saa sita, nikalitundika, nikalipiga pasi, na lilikuwa zuri mno, hadi Kwamboka alitoka saluni na povu mikononi akaja kusimama mlangoni. Mama Apiyo aliligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mishono yote. Akanyoosha mkono kwenye mkoba, nikadhani ni mkasi. Alitoa karatasi ya kufungia. "Nguo haijaisha ikiwa hapa," alisema. Mkasi alinirudishia Ijumaa, umepakwa mafuta, na Januari nikaondoka kwake. Kabla ya hapo nililazimika kwenda Marani.

Nilifika Alhamisi saa nne asubuhi. Moraa alikuwa nje ya nyumba ya wakwe zake anapukuchua mahindi pamoja na mama mkwe, tumbo lake limeshajitokeza, mimba ya miezi sita au saba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyojibu. Hakunitukana. Alinisalimu Bwakire kama anavyosalimiwa mgeni yeyote, akamwambia mama mkwe huyu ni fundi wa Kisii, akaingia ndani akaniletea kigoda, kisha chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Nilitaka kumpa furushi nikimbie, akasema kwanza ninywe. Nilipolifungua, mama mkwe alishika mdomo. Alisema kwa Ekegusii hajawahi kuona kitu kama hicho hata kwa wazungu wa misheni, akagusa vifungo kimoja kimoja akivihesabu. Moraa alipangusa mikono, akalichukua, akaligeuza nje ndani kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto anayemjua. Alitazama bitana. Alitazama kwapani akaliona lile ua, na najua alikumbuka kwa nini liko pale. Hakulijaribisha mwilini; lisingemtosha, na sote tuliliona hilo.

Akalikunja mapajani, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti yake ileile ya darasani.

"Kutoka ulipokaa chini ukalishika mpaka ukamaliza, ilikuchukua muda gani?"

Ningeweza kusema mwezi. Ningeweza kusema tangu Aprili, na ingekuwa kweli ya namna fulani, na pengine ingempunguzia uchungu. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, na sikuwa na nguvu ya kuanza uongo mwingine.

"Siku mbili na nusu, mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia mama mkwe, akamtafsiria polepole kwa Ekegusii, siku mbili na nusu, na yule mama, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu ya vifungo, akauondoa. Kuku walikuwa wanakula mahindi yaliyoruka kando ya mkeka, na hakuna aliyewafukuza.

"Kunywa chai yako, Kerubo," Moraa akasema. "Inapoa."

Nikanywa yote.